Miguu ya Lumadede

"Arushaye nyuma, mtazame miguu." Mmemsikia shangazi yenu akiitamka methali hii, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Imetoka hapahapa Mukhonje, tena iliyoizaa ni shuku yetu wenyewe.

Kizito Lumadede, mwana wa Berita, alikuwa askari na mchezaji wa raga wa timu ya taifa. Siku moja tulipanda lori kwenda Kakamega kumtazama. Raga hatukuijua. Tulichokiona ni kwamba kila alipodaka mpira na majitu ya timu pinzani yakamjia, alimrushia mwenzake aliye nyuma. Mzee Shivachi, shemeji yake Berita, akatema mate.

"Mwoga huyu," akasema. "Moto ukimfikia, anampa mwenzake aushike."

Nasi, watu wa kushuku hata mvua isiyo na ngurumo, tukaamini.

Vita vikazuka mpakani, Kizito akaenda. Alirudi ndani ya jeneza lililofungwa. Minong'ono ikaanza: mbona halifunguliwi? Bila shaka kapigwa risasi ya mgongo akitoroka! Kwetu shujaa akifa, mafahali huswagwa hadi kaburini, wakichimbua udongo kwa pembe. Mwoga hafanyiwi hivyo. Fahali wa Shivachi ndiye huongoza wengine, na Shivachi alikataa kufungua boma. Kilichomuuma Berita kuliko kifo chenyewe ni kwamba mwanawe angezikwa kimyakimya kama mwizi.

Koplo Barasa, aliyeleta jeneza, akasimama mbele ya waombolezaji.

"Tulivamiwa bondeni," akasema. "Kizito ndiye aliyebeba redio ya kuitia msaada. Akanirushia mimi niliyekuwa nyuma yake."

"Si nilisema!" Shivachi akadakia. "Karusha nyuma tena!"

"Mzee, katika raga ni marufuku kurusha mpira mbele. Wewe ulimwona akicheza. Akisharusha, alikimbilia wapi?"

Sote tulikumbuka. Kizito alikuwa hageuki; alijitosa palepale penye majitu, yakamwangukia yeye, mwenzake akapita.

"Mbele," Shivachi akasema kwa shida.

"Na siku ile alikwenda mbele vilevile, peke yake, kuwakabili adui, mpaka nikapata msaada. Ndiyo maana mimi niko hai."

Berita akainua uso. "Basi, shemeji, mafahali wa mwanangu wako wapi?"

Shivachi alikwenda kufungua boma kwa mkono wake mwenyewe, akamswaga fahali wake mbele ya wote. Vumbi likatanda juu ya kaburi, na Berita akapiga vigelegele huku machozi yakimtoka.

Aibu ile hatujaisahau. Ndiyo maana tukianza kumteta mtu hapa Mukhonje, hakosekani wa kutukanya: arushaye nyuma, mtazame miguu.