Mama Aliyekataa Kuondoa Radhi

Inasimuliwa, na msinikatize kwa methali zenu kabla sijamaliza, kwamba katika mji mmoja wa waja wa kale aliishi mfinyanzi mjane, Bi Atika, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa na binti mmoja, Lubaba, ndiyo kwanza amebaleghe, na utundu wake ulikuwa balaa: anajibu wakubwa, anarusha mawe, anatoroka chuo cha Kurani. Mama yake alimkanya faraghani, akamsifu mbele za watu, na alichoharibu akamtaka akitengeneze kwa mikono yake mwenyewe. Majirani wakacheka, "Mchelea mwana kulia hulia yeye!"

Siku moja Lubaba alighadhibika, akavunja mitungi ya udhu msikitini. Mji ule ulikuwa na ada yake: mzazi wa mtoto mkorofi husimamishwa uani mwa msikiti baada ya sala ya Ijumaa, akatamka kwamba amemwondolea mwanawe radhi, na tangu hapo mtoto hasalimiwi na mtu. Bi Atika akaitwa.

"Tamka," akasema Sheikh Mundhiri, mkuu wa mji. "La sivyo, hakuna atakayenunua chungu chako tena."

Bi Atika hakuwa na riziki nyingine. Hata hivyo akainua uso.

"Nakuheshimu, Sheikh wangu, ila sitamki. Mitungi nitafinyanga mingine, na yeye ndiye atakayekanyaga udongo na kuijaza maji. Mwanangu siwezi kumfinyanga mara ya pili. Basi msinunue!"

Watu wakaguna. Ndipo Lubaba akajitokeza, machozi yanamtiririka.

"Mama, na kamba ya kisima niliikata mimi."

Watu wakamgeukia Sheikh. Kwa kosa la kukata kamba ile alikwisha kuadhibiwa Yunusi, mwana wa Sheikh mwenyewe. Baba yake alimchapa hadi akakiri.

"Yunusi," akauliza Sheikh, "mbona ulikiri usilolitenda?"

"Ulikuwa huachi kupiga, baba."

Sheikh akanyoosha mkono amshike bega. Mtoto akajikinga uso.

Ada ile haikufanywa tena. Lubaba hakugeuka malaika, msidanganyike. Alikosa tena na tena, na kila alipokosa alikwenda mwenyewe kumwambia mama yake.

Nanyi mnaotembea na bakora mkiiita adabu, nijibuni: siku ile, ni mtoto wa nani aliyesema kweli? Mola atupe watoto wanaotukimbilia wanapokosa, si wanaotukimbia.