Kalamu Moja ya Gavana Brandvold

Sogeeni mnisaidie kuamua, maana mimi kisa hiki kimenishinda.

Katika jimbo moja la kaskazini mwa Marekani, zama za viwanda vya vioo, palikuwa na gavana aitwaye Brandvold, mtu mwema lakini mkaidi kupindukia. Hedda, mfanyakazi wa kiwandani, alijaliwa sauti. Dakta Lindqvist alijaliwa subira. Seneta Whitcomb, maskini, alijaliwa tu kuzaliwa kwa tajiri.

Mtoto wa Hedda alipofia mbele ya tanuri, Hedda aliwatoa kina mama wote kiwandani, wakagoma majira yote ya baridi. Akafukuzwa kazi.

Dakta Lindqvist alipita nyumba kwa nyumba akipima mapafu ya watoto, kisha akawapeleka bungeni wakakohoe mbele ya waheshimiwa. Matajiri wakamsusa, zahanati yake ikafa.

Mswada wa kuwatoa watoto viwandani ukaletwa, na kura zikawa nusu kwa nusu. Whitcomb, ambaye kiwanda kilikuwa cha babake, akasimama, akasema, "Ndiyo." Babake akamkana siku hiyohiyo.

Sheria ikapita, watoto wakatolewa viwandani. Desturi ya kule, gavana hutia saini kwa kalamu nyingi, kila aliyesaidia apewe moja ya kumbukumbu. Brandvold akakataa katakata.

"Huo ni ufujaji! Natumia moja, nitampa anayestahili kuliko wote."

Leo alimtaja Hedda, kesho daktari, keshokutwa Whitcomb, hadi mauti yakamkuta hajaamua.

Gavana mpya na bunge lake wakaifuta sheria. Watoto wakarudi tanurini. Binti wa marehemu, Sigrid, akabaki na kalamu tu, kitu pekee kilichosalia cha kazi ya babake. Wale watatu wakamjia.

"Nipe, binti yangu, nikaifukie kaburini kwa mwanangu," akasema Hedda. "Nilimwahidi hakufa bure."

"Nipe mimi niwaonyeshe watu," akasema daktari. "Nani ataamini kwamba iliwahi kuwezekana?"

Whitcomb hakuinua uso. "Nipe niivunje. Baba amekufa hajanisamehe, na sasa naona nilimpoteza bure."

Kwa mara ya kwanza Sigrid akamkasirikia babake. Kalamu tatu zingemgharimu nini? Nje king'ora cha kiwanda kikalia, watoto wakapita dirishani kwenda zamu, na wote wanne wakawatazama hadi wa mwisho alipopita.

Haya, msinitazame mimi. Kalamu ni moja, na mikono mitatu imenyooshwa. Wewe ungekuwa Sigrid, ungeiweka katika mkono upi?