Kionjo cha Tela

Hadithi yangu iko jikoni.

— Ipakue.

Ina moto.

— Tutaipuliza.

Basi sogeeni. Mwenye mtandio amfunike mwenzake miguu, maana hadithi hii ina mvua ndani yake.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na gulio lao, paliishi Mama Pimbi na wanawe kwenye jabali moja kubwa. Pimbi mnamjua. Ni mdogo kama sungura, mnene, na hana mkia hata wa kufukuzia nzi. Lakini chini ya jabali lake palikuwa na magadi, ile chumvi ya ardhini ambayo wanyama wakubwa wakiilamba hufumba macho kwa utamu.

Palikuwepo pia Bwana Kifaru. Kifaru alikuwa na nguvu za kung'oa mgunga, ila macho yake yalikuwa mabovu. Kitu kikiwa mbali kidogo tu, yeye aliona ukungu. Kazi yake ilikuwa kuuza matela. Kazi yake ya pili, ile aliyoipenda zaidi, ilikuwa kuonja.

Alikuwa akifika gulioni anakwenda kwa Kwale, muuza ufuta. Anaonja. Nyam nyam nyam, kapu tupu. Kwale akidai, anaambiwa, "Kionjo hakilipiwi." Anakwenda kwa Nungunungu, muuza viazi. Anaonja. Nyam nyam nyam, gunia tupu. "Kionjo hakilipiwi." Anakwenda kwa Mama Pimbi, muuza karanga. Anaonja, ungo mzima unakwenda, na watoto wa Pimbi siku hiyo wanalala na uji mwepesi.

Walimshitaki kwa Mama Kanga, msimamizi wa gulio. Mama Kanga akasikitika, lakini akasema desturi ni desturi. Mnunuzi huonja kwanza, na hakuna aliyewahi kusema kionjo kiwe na ukubwa gani.

Basi mwaka mmoja kivuko cha bondeni kikabomoka. Wanaoishi mabondeni wakaingiwa na hofu, kwa sababu masika yalikuwa yanakaribia, na bila kivuko watoto wao wangekwama ng'ambo ya maji. Baraza likakaa. Likasema anatafutwa mkandarasi wa kujaza kokoto. Kifaru akasimama, akasema kazi hiyo ni yake na kokoto zipo karibu: atalivunja jabali la Pimbi, alisage lote.

Mama Pimbi aliyasikia hayo. Akawatazama wanawe waliokuwa wamejikunja miguuni pake, akasimama kabla hajajua atasema nini. Akasema kokoto zimejaa kwenye mto mkavu, na yeye atazileta.

Baraza zima likacheka. Kwale peke yake hakucheka. Alisogea akampa Pimbi nafasi ya kukaa.

Baraza likaamua hivi: tone la kwanza la masika likikuta kivuko kimejaa, jabali litabaki. Likikuta hakijajaa, jabali ni la Kifaru, na magadi yake yote.

Mama Pimbi akarudi nyumbani. Akajaribu kubeba kokoto kwa ungo wa karanga. Ungo mmoja, shimo la kivuko halikustuka. Ungo wa pili, shimo halikustuka. Mawingu yakasogea. Moyo wake, du du du. Akaona hapa bila tela hapafai. Na mwenye matela ni yule yule anayelitaka jabali.

Akamwacha mkubwa awatazame wadogo, akamfunga kitinda mimba wake mgongoni, akaenda.

Uwanjani kwa Kifaru palikuwa na matela manne. La kwanza la kijani. La pili lenye kuta ndefu. La tatu jekundu, kubwa kama kibanda, linang'aa hata ukajiona uso. La nne lilikuwa dogo, lina kutu, limewekwa nyuma ya choo, kuku wanatagia humo.

Kifaru akamkaribisha kwa dhihaka. "Karibu, usiye na mkia. Umekuja kununua tela, au umekuja kujificha chini yake?"

Kisha akamsifia lile jekundu, jinsi linavyobeba, jinsi rangi yake isivyochuja. Bei yake ni magadi ya jabali ya masika mawili. Moyoni alijua chuma cha kunyanyulia ni kibovu. Alijisemea: akinunua nitapata magadi, na akishindwa nitapata jabali. Nitakula huku na huku.

Pimbi akauliza, "Linabeba?"

"Linabeba hata nyumba yako."

"Linamwaga?"

Kifaru akaligeukia tela. Tangu aanze biashara, wote huuliza linabeba. Hakuna aliyewahi kuuliza linamwaga.

"Bwana Kifaru, mikono yangu mifupi. Kupakia naweza kusaidiwa. Kushusha siwezi. Kwangu mimi tela lisilomwaga ni kabati."

Wakati huo kitinda mimba alikuwa ameshuka mgongoni, amekwenda kukaa chini ya gurudumu. Kifaru akamsogeza kwa ncha ya pembe, polepole, kama mtu anayetoa unyasi kwenye maziwa. Pimbi aliliona hilo. Akaliweka moyoni.

Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Basi nionjeshe."

Kifaru akacheka mpaka mashavu yakatikisika. Tela linaonjwaje? Pimbi akamweleza: kila tela lijazwe kokoto za mto mkavu, livutwe hadi bondeni, limwagwe, aone. Likimridhisha atalipa. Matela yote manne yasipomridhisha, ataiacha kandarasi. Kifaru aliposikia "ataiacha", akaona magadi mbele ya pua yake. Akawaita ngedere wake wenye machepe.

Tela la kijani likajazwa, chwa chwa chwa. Kifaru akavuta, kwararara, kwararara. Bondeni akanyanyua, kwii, kwii, kwii. Bodi likakwama katikati, kokoto zikawa zinadondoka mbili mbili, hadi ngedere wakazimalizia kwa machepe.

Pimbi akasema, "Linatema kama mtu mwenye ugoro. Lakini labda nimeonja vibaya. Utamu wa karanga haujulikani kwa punje moja."

Maneno hayo Kifaru alikuwa akiyasema yeye mwenyewe gulioni, kwenye ungo wa Pimbi, basi akawaashiria ngedere. Likajazwa tena. Na tena.

Lenye kuta ndefu likajazwa, chwa chwa chwa. Kwararara, kwararara. Kwii, kwii, kwii. Mlango wa nyuma ukafunguka nusu, kokoto zikajibana mlangoni kama watoto wanaotoka darasani. Pimbi akatikisa kichwa, akaomba aonje tena.

Mawingu yakasogea. Radi ikaguna mbali. Moyo wa Pimbi, du du du.

Jekundu likajazwa. Likanyanyuka vizuri mara ya kwanza, mwaaa, kokoto zote chini. Mara ya pili chuma kikalia, kraa, likalala upande, Kifaru akalisukuma kwa bega huku jasho linamtoka. Ngedere wakaanza kunong'ona. Wao walikuwa wanakiona kivuko kinavyopanda, Kifaru akiona ukungu tu. Lakini na wao wana watoto bondeni, wakainama, wakaendelea kupakia.

Ghafla Kifaru akasimama katikati ya kivuko. Akakanyaga mguu mmoja. Akakanyaga wa pili.

"Mbona leo hapa sishuki?"

Ngedere wakaacha machepe hewani. Mama Pimbi akashika kichwa. Aliwaza jabali lake likivunjwa, wanawe wakilala juani.

Kitinda mimba akajibu, "Kwa sababu una nguvu, Babu. Mwenye nguvu hahisi mteremko."

Kifaru akavimba kwa furaha. Akasema mtoto huyu amelelewa. Akaenda kuvuta tena.

Sasa likabaki lile dogo la kutu. Kifaru hakutaka hata kulitaja, ila Pimbi akasema aliyeonja vyungu vitatu haachi cha nne. Kuku wakahamishwa, mayai yakawekwa pembeni vizuri. Likajazwa. Kwara, kwara. Kwi. Mwaaa. Kokoto zote zikamwagika, likabaki safi kama sahani iliyofutwa. Pimbi akaliangalia, akatazama pembeni haraka, kama mtu aliyeona kanga nzuri na hataki muuzaji ajue.

Hapo tone la kwanza likaangukia pembe ya Kifaru. To.

"Basi," akasema Kifaru. "Mvua imekuja. Nipe jabali langu."

Lakini Mama Kanga alikuwa anakuja kutoka ng'ambo na vifaranga vyake, Kwale na Nungunungu nyuma yao, wamepanga mstari, miguu mikavu. Wakapita juu ya kivuko hadi mbele ya Kifaru. Kifaru akainamisha kichwa mpaka pua ikagusa kokoto, akaanza kunusa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Alipofika mwisho, akanguruma. Akasema kazi hii ameifanya yeye, alipwe magadi.

Mama Kanga akamwuliza, "Ulikuwa unamwonjesha?"

"Nilikuwa namwonjesha."

"Na kionjo?"

Kabla Kifaru hajafungua kinywa, Kwale, Nungunungu na ngedere wote wakamjibia kwa pamoja, polepole, kama watu wanaosoma ubaoni: hakilipiwi.

Mvua ikashuka. Kila mmoja akakimbilia kwake. Kifaru akabaki amekaa kwenye tope, jasho na mvua vimechanganyika, bega limechubuka. Mama Pimbi akamtazama kutoka mlangoni pa jabali. Akakumbuka ile pembe ilivyomsogeza mwanawe. Akachota magadi kidogo kwenye jani, akashuka nayo.

"Onja, Bwana Kifaru. Hakilipiwi."

Kifaru akalamba. Akafumba macho. Akalamba jani hadi likatoboka, kisha akauliza kwa adabu kama kuna nyongeza.

"Ipo," akasema Mama Pimbi, akajisogeza karibu naye kujikinga mvua. "Sasa tuzungumze bei ya lile dogo la kutu."

Ndiyo maana hadi leo watoto wa Pimbi wanabeba kokoto kwa tela lenye harufu ya mayai.

Na mafunzo ya hadithi hii ni haya: ukienda kununua tela, usiulizeulize na usionjeonje, si adabu. Angalia rangi, lipa, uondoke. Na wewe unayechota karanga kwenye ungo wangu tangu hadithi ilipoanza, usidhani sikukuona. Onja tu, mwanangu. Kesho ndiwe utakayechota maji.

Hadithi yangu nimeipakua yote.

— Tumeila.

Mwenye njaa akombe ukoko, aliyeshiba aoshe sufuria.