Sapatu Nyeupe za Sultani Harithi

Palikuwa na Sultani mmoja, Harithi bin Jabu, mwenye nyumba kubwa, punda wengi na haya kidogo. Punda wakazidi zizi. Na ubavuni mwa zizi palikuwa na kiwanja cha Mize binti Kombo, mjane, mshona nguo, chenye kijumba kimoja na kamba ya kuanikia. Sultani akakitamani kiwanja kile kama mja mzito anavyotamani udongo. Lakini kumpokonya mjane waziwazi ni aibu, ndugu zangu, hata kwa mtu wa namna ile. Akaitafutia aibu yake kanzu ya kuvaa.

Akamwita Mize barazani, watu wamejaa.

"Mize, viatu vya mti, mitalawanda hii, inanipigia kelele ndani, ko ko ko, mke wangu hasinzii. Makubazi ya ngozi yananuka. Nishonee sapatu za kitambaa, za kuvaa nyumbani. Nyeupe. Laini. Zisilie. Zifulike."

"Zitafulika, Seyyid."

"Na zisichafuke."

Mize akamtazama. "Kitu kisichochafuka, Seyyid, kitafuliwa kwa kosa gani?"

Watu wakainama kuficha meno.

"Zifulike kwa sababu nimetaka," akasema Sultani. "Zisichafuke kwa sababu nimeamuru. Nitazivaa wiki moja. Zikichafuka, kiwanja chako changu. Zisipochafuka, ni chako mpaka kaburini, na hapana atakayekuuliza."

Mize akarudi kwake uso umekunjamana. Jirani akamwambia, "Hama mapema, mwanangu." Akamjibu, "Nihamie wapi, bibi, tumboni mwa mama?" Akaketi, akashika mkasi.

Nyayo za kwanza alizijaza sufi. Alipozifua, sufi ikajikusanya mabonge. Kuzivaa ni kama kukanyaga mayai. Akajaribu ukindu. Ule nao ukalia kwi kwi kila hatua, bora hiyo mitalawanda. Mwisho akatoa kanga zake kuukuu, zile zilizokwisha kulainika kwa maji na sabuni, akazipanga tabaka juu ya tabaka, akazibana kwa mishono ya karibu karibu kama ya kofia, juu akavika kitambaa cheupe cha marekani. Wayo wa ndani akaufanya wa kuchomoka, ukauke upesi kambani. Akazifua, akazikamua, akazianika. Akazifua tena. Zikatoka kama zilivyoingia.

"Hizi," akasema, "zitafulika mpaka mvaaji achakae."

Sultani akazipokea mbele ya watu, akazigeuza huku na huku, akakiri mwenyewe kuwa ni nyeupe kama tui. Na zilimpendeza, msione hivi. Akitembea hasikiki; siku ya kwanza tu aliwafuma wapishi wanakula maini yake. Lakini siku zikaenda, sapatu nyeupe vilevile. Zichafuke na nini? Bi Rayya, mkewe, alikuwa akiisimamia sakafu ile mwenyewe, inasuguliwa kwa kumbi la nazi mpaka nzi akitua anateleza.

Sultani akaona kiwanja kinamponyoka. Mchana mmoja, watu wote wamelala, akajitoa kimya kimya, akaingia zizini, akazunguka humo mzunguko mzima, akichagua pa kukanyaga. Akarudi ndani kwa ncha za vidole. Kisha akaita baraza.

Bi Rayya naye akakaa nyuma ya pazia, mahali pake pa siku zote. Nusu ya hukumu za mji ule zilitoka nyuma ya pazia lile.

"Mize, tazama," akasema Sultani, akanyanyua mguu. "Zimechafuka."

Mize akasogea. Hakuhitaji kutazama, pua ilikwisha fika kabla ya macho.

"Kweli, Seyyid. Zimechafuka sana. Zilitoka nje?"

"Sapatu za ndani, zitoke nje? Hazijavuka kizingiti. Naapa."

"Basi ni sakafu."

Pazia likatikisika. "Sakafu ya nani?" akauliza Bi Rayya.

"Sakafu ni safi," akasema Sultani upesi. "Sakafu haina neno."

"Basi ni miguu."

"Miguu ya Sultani haikanyagi uchafu. Inakanyaga watu."

"Hilo tunalijua," akasema Mize. "Lakini uchafu huu hauna mwenyewe? Haukutoka nje, haukutoka sakafuni, haukutoka miguuni. Umeshuka mbinguni?"

"Umeuleta wewe."

"Mimi nilileta tui, kwa ulimi wako, na watu wote hawa wakasikia. Haya, nisaidie, nami nikafungashe vyangu. Ni wa sakafu?"

"Aseme," sauti ya pazia ikasema. "Aseme sakafu yangu ina mavi ya punda."

Sultani akapangusa paji la uso.

"Au ni wa miguu?"

"Hiyo miguu anayonipandia nayo kitandani?" akauliza Bi Rayya.

"Au tuseme zilitoka, Seyyid?"

"Zilitoka wapi," akasema Bi Rayya taratibu, "mchana, watu wamelala, na viatu visivyolia?"

Aliyekuwa na kikohozi barazani alikimeza. Sultani akamwinamia Mize, akanong'ona kama mwizi aliyekwama dirishani.

"Mwanamke, nikisema sapatu hizi ni safi?"

"Nitakwenda zangu nyumbani kwangu."

"Na nikisema ni chafu?"

"Kiwanja ni chako, Seyyid. Ila kichukue kabla ya magharibi, maana sioni pengine utakapolala."