Bei ya Penseli

Wahenga hawakumung'unya maneno waliposema mficha uchi hazai. Anayeificha shida yake kwa kuona haya hujinyima msaada mwenyewe. Asiyeamini na amuulize Penseli, mchora ramani za nyumba, aliyepewa jina hilo kwa kuwa penseli haikubanduka sikioni mwake.

Tangu aache kazi ya kuajiriwa, Penseli alikuwa na ugonjwa mmoja: kutaja bei. Akiulizwa, kijasho chembamba kilimtoka na macho yakahamia kwenye viatu. Bei yenyewe aliipata kwa kugawa mshahara wake wa zamani kwa siku thelathini, basi. Nauli ya kwenda kiwanjani, karatasi, siku za kukaa bila kazi, vyote hivyo hakuvitia, kwani zamani vilikuwa juu ya tajiri wake.

Akaja mkunga mstaafu, anataka kujenga zahanati ya wazazi kwa kiinua mgongo chake chote.

"Bei ndiyo hiyo tu?" mkunga akashangaa. "Na kwenda kupima kiwanja je?"

"Ah, usijali mama. Hayo madogo."

Madogo! Siku aliyokwenda, mvua ilimkatiza akiwa amepima pande tatu. Kurudi siku nyingine kulitaka nauli, na nauli hakuwa nayo. Aiombe? Thubutu! Upande wa nne akaukadiria mezani kwake, akapiga mstari ulionyooka vizuri, akasema liwalo na liwe.

Likawa. Baada ya wiki mbili aliitwa kiwanjani. Msingi ulikuwa umekwisha kuchimbwa, na kona yake moja imeingia kwa jirani hatua mbili nzima. Jirani amesimama, mikono kiunoni. Mwashi aliitazama ramani, akaitazama kamba, kisha akamtazama Penseli.

"Upande huu uliupima?" mkunga akauliza.

Penseli alitamani ardhi ipasuke immeze. "Sikuupima, mama. Sikuwa na nauli ya kurudi. Niliona haya kukuomba."

Mkunga akaketi juu ya rundo la mawe. "Nauli, mwanangu? Mimi ningekunyima nauli?" Hakufoka. Afadhali angefoka. "Miaka thelathini nimezalisha. Wapo waliojigubika shuka na kubana miguu kwa haya, huku mtoto anataka kutoka. Unajua niliwaambia nini?"

Penseli alijua. Hata mwashi alijua, akageukia pembeni kuficha kicheko.

Mtaro ule wa msingi Penseli aliufukia kwa mikono yake mwenyewe, siku tatu, huku wapita njia wakimwangalia. Akapima upya pande zote nne, akachora upya, bure, maana kosa lilikuwa lake. Alipomaliza, mkunga akamtaka amchoree na nyumba ya wauguzi.

"Hiyo bei gani?"

Macho yalianza safari ya kwenda kwenye viatu. Akayarudisha. Uso ulimwaka, lakini alivitaja vyote: siku za kuchora, safari mbili, karatasi, hata siku za kukaa bila kazi.

Mkunga akaguna, akaomba apunguziwe kidogo, akakubali.

"Kumbe ndiyo hivyo tu?" Penseli akauliza, akipangusa kijasho.

"Ndiyo hivyo tu, baba. Inauma, kisha inapita."

Kweli, mficha uchi hazai.