Marehemu Aliyekutana na Fulana Yake

Sogeeni karibu, na anayetafuna muhindi auweke chini kwanza, maana ukikosa kipande kimoja cha hii hadithi, mwishoni hutakuwa na haki ya kubisha.

Huko Same walikuwako wanawake watatu. Bi Nakunda alikuwa hasahau sura ya mtu. Akikuona mara moja, basi. Eliwaza alikuwa na mkono wa kuchora. Akikuchora umenuna, hata anayeitazama picha ananuna. Mwajabu alikuwa fundi wa kuchapa fulana, hodari kweli, ila ana haraka utadhani kuna mtu anamkimbiza.

Siku moja zikaja habari kwamba Mzee Mrutu, mdogo wake Bi Nakunda, amefukiwa na shimo la dhahabu huko alikokwenda kuchimba. Mwili haukupatikana. Ukoo ukalia, kisha ukapanga siku ya kumaliza msiba, na mnajua wenyewe siku hizi: msiba bila fulana zenye sura ya marehemu watu wanauona haujakamilika. Picha sasa! Mzee Mrutu alikuwa akiona kamera anaaga anakwenda kukojoa. Arusi zote za ukoo, yeye hayumo.

Ndipo Bi Nakunda akakaa na Eliwaza, akamtajia uso wa mdogo wake kipande kwa kipande: paji, mashavu yaliyobonyea, na kovu lililokata nyusi ya kulia. Kovu hilo alilipata utotoni, alipoanguka kutoka mgongoni kwa dada yake huyo huyo. Alitaja huku analia, na hakukosea hata kidogo.

Eliwaza akachora kwa wino mweusi. Lakini kila walipofika kwenye macho, Bi Nakunda alishindwa kusema. Basi Eliwaza akamtazama yeye mwenyewe, akayachora macho yale yale, macho ya mtu anayemngoja asiyerudi. Damari, mtoto pekee wa marehemu, aliyekuwa mjamzito, aliitazama ile picha mara moja akatoka nje.

Mwajabu naye, kwa haraka zake, alipohamishia mchoro kwenye fremu ya kuchapia aliulaza kinyume. Fulana zikatoka kovu liko nyusi ya kushoto. Bi Nakunda akamfokea mbele za watu, akasema huyo si mdogo wake. Mwajabu akachapa nyingine, safari hii sawasawa, na zile mbovu akawagawia wapakiaji wa malori ya tangawizi.

Sasa sikilizeni vizuri. Mjini Dodoma mzee mmoja alikuwa kibandani anakunywa chai. Lori la tangawizi likasimama, akashuka mpakiaji kavaa moja ya zile fulana mbovu. Yule mzee akakikodolea macho kile kifua, chai ikammwagikia mapajani wala asiisikie. Akauliza ni nani huyo kwenye fulana.

"Marehemu mmoja wa kwetu Same, mzee wangu. Alifukiwa shimoni."

Jamani, aliyeuliza ndiye marehemu! Alikuwa ameondoka machimboni kabla shimo halijaporomoka, bila kumwambia mtu. Ng'ombe wa nyumbani alishawauza, dhahabu hakuipata, akaona aibu kurudi. Kumbe huko kwao alishaliliwa, na yeye hana habari.

Alirudi na lori lile lile. Alipoingia uani, siku ile ya kumaliza msiba, watu walitawanyika, mchungaji naye akaruka ua. Bi Nakunda akakaa chini kwenye vumbi. Damari uchungu ukamshika hapo hapo, akajifungua mtoto wa kike kwa shida kubwa, na daktari akasema huyo ndiye wa kwanza na wa mwisho.

Kwa desturi yao babu ndiye anayetoa jina. Mzee Mrutu akatangaza kwamba mjukuu atachukua jina la yule aliyemrudisha nyumbani. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Bi Nakunda akasema yeye hakuzaa, na jina lake litazikwa naye. Na bila kumbukumbu yake sura ingetoka wapi?

Eliwaza akamwuliza mzee ni kitu gani hasa kilichomfanya apande lile lori. Mzee akakiri ni yale macho. Bila hayo angeishangaa fulana, akamaliza chai yake, akabaki Dodoma.

Mwajabu akasema polepole, kwa mara ya kwanza maishani mwake: "Mzee, wewe picha huna. Uso wako umeuona wapi?"

Mzee akasema, kwenye kioo tu. Na kwenye kioo kovu linakaa upande ule ule wa fulana mbovu. Angeiona ile iliyo sawa, alisema, angedhani ni mtu anayefanana naye.

Mpaka sasa mzee kampakata mtoto, na wanawake watatu wamemkazia macho. Jina ni moja, na mjukuu mwingine hatakuja. Haya, ninyi mlionisikiliza, ungekuwa wewe ndiye babu, huyu mtoto ungemwita nani?