Pimbi na Ndiyo ya Kiboko

— Jamani, mpo?
— Tupo, tuambie!
— Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo, mawili mawili!

Basi kaeni vizuri. Hii si ya kucheka sana, nawaambia mapema.

Palikuwa na kanisa la wanyama kando ya mto. Mchungaji alikuwa Korongo, aliyekuja na mvua na kuondoka na mvua. Mzee wa kanisa alikuwa Kiboko, mwenye bwawa la ubatizo. Desturi yao ilikuwa hivi: anayebatizwa analeta kapu la mavuno kwa shukrani, na kapu linatunzwa kwa Kiboko. Na tumbo la Kiboko mnalijua. Kapu likiingia kwake, halitoki.

Kwa hiyo Kiboko akawa anawakokota wenzake kubatizwa, watake wasitake.

Akamleta Digidigi. Korongo akauliza, "Digidigi, wamwamini Bwana kwa moyo wako mwenyewe?" Digidigi akawaza. Kabla hajajibu, Kiboko akanguruma, "Ndiyooo!" Chubwi! Digidigi majini, kapu kwa Kiboko.

Akamleta Kobe. "Kobe, wamwamini Bwana kwa moyo wako mwenyewe?" Kobe akawaza, na mnajua Kobe akiwaza. "Ndiyooo!" Chubwi! Kobe majini, kapu kwa Kiboko. Korongo alinung'unika, lakini nani wa kubishana na mdomo ule?

Ikafika zamu ya Pimbi, yule mdogo wa kule majabalini. Pimbi alimpenda Mungu kweli. Alitaka siku moja aseme ndiyo yake, kwa mdomo wake. Hilo tu. Kiboko alipomkamata, moyo ulimuuma sana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kapu liko wapi?"

"Hili hapa. Niache kwanza nimnong'oneze mchungaji dhambi zangu, aniulize vizuri."

Akanong'ona. Korongo akakohoa, kho! kho! Kisha akauliza, "Waahidi kutogusa tena kapu la mwenzako?"

"Ndiyooo!" akanguruma Kiboko, macho kwenye mihogo ya kapuni.

"Waahidi kurudisha yote uliyochukua?"

"Ndiyooo!"

Pimbi akawageukia wanyama. "Jamani, mimi nimefungua mdomo?"

"Hujafungua!"

"Basi aliyeahidi mbele za Mungu ni nani?"

"Mzee Kiboko!"

Wee! Vicheko mpaka ng'ambo ya mto. Kiboko akajaza makapu upya, yakarudi kwa wenyewe, na Pimbi akabebwa juu juu.

Korongo akainua bawa, pakatulia. "Pimbi mwanangu, sasa hakuna anayekushika. Wewe mwenyewe wasemaje?"

Moyo wa Pimbi ulisema ndiyo. Lakini wenzake walikuwa wanamtazama, bado wanacheka. Akaona akikubali leo, itakuwa kama Kiboko ameshinda. Akasema, "Mchungaji, utaniuliza mvua zijazo."

"Sawa," akasema Korongo kwa huzuni. "Mimi sikusukumi."

Kesho yake Kiboko akaja peke yake, bila kapu. Korongo akamuuliza swali lilelile. Kiboko akawaza mpaka jua likageuka, halafu akajibu ndiyo kwa sauti ndogo, hata vyura hawakushtuka. Akabatizwa. Korongo akaruka zake.

Mvua zikaja, Korongo hakuja. Zikaja nyingine, korongo wengine wakapita juu, yeye hakuwamo. Pimbi akaanza kukosa usingizi. Mwishowe akateremka bwawani.

"Shikamoo, mzee. Nakuomba, safari hii nijibie wewe."

Kiboko akatikisa kichwa, machozi yakimlenga. "Niliwajibia wengi, binti yangu, na hakuna ndiyo hata moja iliyokuwa yao. Jibu lako siliwezi. Liseme tu, nakusikiliza."

Pimbi akafungua mdomo. Akaufunga. Akageuka, akapanda zake majabalini. Namwonea huruma mpaka leo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ameshamshinda Kiboko zamani. Aliyebaki kumzuia ni yeye mwenyewe.

Mimi nimefika mwisho, hadithi nimeiacha palepale ukingoni. Anayeitaka akaichukue.

— Na funzo lake?
— Funzo? Ah, jepesi. Ukiulizwa swali la moyo wako, usiwe na haraka. Subiri kwanza watu wamalize kukushangilia. Korongo wapo wengi.